Ukaazi wa Kudumu wa Kanada kwa Mume au Mke: Mwongozo wa Hatua za Mwisho kwa Wenzi Wanaosafiri Kati ya Nchi Mbili

Ombi la kumdhamini mume au mke likishapokelewa na IRCC, yaani Wizara ya Uhamiaji ya Kanada, wengi hushusha pumzi. Fomu zimejazwa, ada zimelipwa, alama za vidole zimechukuliwa, sasa ni kusubiri tu. Kwa wenzi walio na mguu mmoja Mombasa na mwingine Toronto, mimi naona kazi ngumu ndiyo inaanza hapo. Hatua za mwisho zinategemea sana siku barua inapofika wewe mwenyewe uko nchi gani, na pasipoti yako iko mikononi mwa nani. Tiketi iliyokatwa kwa haraka inaweza kurudisha nyuma ombi lililokuwa limeshaiva.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwombaji mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo au nchi nyingine ambayo raia wake wanahitaji viza kuingia Kanada, na ambaye mwenzake ni raia au mkazi wa kudumu wa huko.

Kwanza, ujue ombi lako liko kundi gani

Kuna makundi mawili, na watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni la familia, ambalo wengi huliita ombi la nje. La pili ni la mwenzi anayeishi Kanada pamoja na mdhamini wake. Tofauti yake haionekani mpaka mtu atake kusafiri.

Ukiwa kwenye kundi la pili, sharti ni kuishi na mwenzako ndani ya Kanada. Hujakatazwa kusafiri, lakini ukitoka halafu ukanyimwa kuingia tena, ombi linaweza kukataliwa. Na likikataliwa, huna haki ya kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Kundi la familia lina haki hiyo: mdhamini ana siku 30 tangu apate uamuzi kuwasilisha rufaa yake. Ndiyo maana kwa mtu mwenye mama mgonjwa Tanga, biashara Kampala au watoto wanaosoma Nairobi, mimi humshauri aombe kupitia kundi la familia hata kama kwa sasa anaishi Kanada kwa viza ya matembezi. Inaruhusiwa, na utasafiri bila kubomoa msingi wa ombi lako.

Mdhamini naye ana sharti lake. Raia wa Kanada anaweza kudhamini akiwa anaishi nje, mradi athibitishe kwamba wote wawili watakwenda kuishi Kanada mwenzake akipata ukaazi. Mkazi wa kudumu hana ruhusa hiyo, yeye lazima awe anaishi Kanada. Kuja likizo Zanzibar wiki chache hakumharibii kitu, lakini akihamia huko ombi litakuwa mashakani. Mkiwa Québec, kumbukeni kwamba mkoa huo una hatua zake za ziada, na tangu Juni 2024 umeweka kikomo cha idadi ya maombi ya udhamini unayopokea. Kuhamia Québec katikati ya safari hii, au kuhama kutoka huko, kunabadilisha utaratibu, kwa hiyo toeni taarifa mapema.

Pili, orodhesha kila kitu chenye tarehe ya kuisha

Chukua karatasi moja uandike tarehe hizi, kisha uibandike mahali mnapoiona wote wawili, au muiweke kwenye simu zenu.

Vipimo vya afya hudumu miezi 12. Vikipitwa na wakati kabla hujaingia Kanada kama mkazi, utavirudia kwa gharama yako, kwa daktari aliyeidhinishwa na IRCC peke yake. Daktari wa familia yako, hata awe bingwa namna gani, hahesabiki.

Pasipoti ndiyo inayowaangusha wengi. Viza ya ukaazi haiwezi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti, wala ya vipimo vya afya. Ikiwa pasipoti yako imebakiza chini ya mwaka mmoja na nusu, ibadilishe sasa, kabla hujaitiwa viza. Ukishapata mpya, ijulishe IRCC namba yake kupitia fomu ya mtandaoni iliyo kwenye tovuti yao, na uambatishe picha ya ukurasa wa taarifa zako.

Cheti cha polisi kinahitajika kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 18. Kwa Mkenya aliyebaki nyumbani ni rahisi: anaomba cheti cha tabia njema cha DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha anakwenda kupigwa alama za vidole. Lakini watu wetu wengi wamefanya kazi Muscat, Dubai, Doha au Jeddah, na kukipata cheti cha huko ukiwa umeshaondoka kunachukua muda, alama za vidole na mara nyingi safari ya ubalozini. Usingoje uombwe. Ukiombwa na muda uliopewa hautoshi, tuma barua ya maelezo pamoja na uthibitisho kwamba umeshaomba. Kukaa kimya ndiko kunakoua maombi.

Hati zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama vile vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya Zanzibar, zinatakiwa zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtafsiri asiwe ndugu, hata kama shemeji yako ndiye mwalimu wa Kiingereza bora mtaani. Ikiwa mtafsiri hana cheti cha taaluma hiyo, aape mbele ya wakili au ofisa anayeruhusiwa kushuhudia viapo.

Jambo moja la ndoa zetu za Pwani halina budi kusemwa. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali ndoa ambayo mmoja wa maharusi hakuwepo mwenyewe wakati wa kufungwa, iwe kwa wakala, kwa simu au kwa video. Ikiwa ndoa yenu ilifungwa bwana harusi akiwa Ottawa na akawakilishwa na kaka yake, zungumzeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuendelea na hatua yoyote.

Kusafiri wakati ombi linasubiri

Mwenzi aliye kwenye kundi la familia anaruhusiwa kuomba viza ya matembezi kwenda kumwona mwenzake huku ombi likiendelea. Sheria ya Kanada inakubali waziwazi kwamba mtu anaweza kutaka kukaa kwa muda na vilevile awe ameomba ukaazi wa kudumu. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Kwa hiyo usifiche ombi lako la udhamini kwenye fomu ya viza. Afisa analiona kwenye kompyuta yake. Kunyimwa viza ya matembezi hakuharibu udhamini, ila kusema uongo kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 5.

Mgeni kwa kawaida huruhusiwa kukaa miezi 6 tangu siku anayoingia. Ukitaka kuongeza, omba kabla muda haujaisha, nawe utaendelea kukaa kihalali ukisubiri jibu. Aliye na kibali cha kazi na ameomba kukiongeza awe mwangalifu zaidi. Akitoka nje ya Kanada kabla ya jibu, anaweza kurudi akakuta hana tena ruhusa ya kufanya kazi mpaka kibali kipya kitoke.

Kila mabadiliko yaripotiwe: anwani, simu, kazi, safari ndefu. Mtoto akizaliwa, ripoti wiki hiyohiyo. Mtoto ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa kabla ya mzazi kuwa mkazi anaweza kuzuiwa kudhaminiwa baadaye, na nimeona familia zilizolia kwa miaka kwa sababu ya sheria hii. Inamhusu pia mtoto wa ndoa ya kwanza anayelelewa na bibi yake kijijini, hata kama hana mpango wa kuja. Mtaje, apimwe. Ikiwa baba au mama ni raia wa Kanada, huenda mtoto tayari ni raia kwa kuzaliwa, na hapo mtamwombea cheti cha uraia badala ya viza. Bado mtajeni.

Endeleeni pia kuhifadhi ushahidi wa ndoa, maana afisa anaweza kuuomba upya au kuwaita kwenye usaili. Picha za harusi zinasaidia, lakini maisha ya kila siku yanasaidia zaidi: taarifa za M-Pesa zinazoonyesha pesa za kodi na karo zikifika kila mwezi, mihuri ya pasipoti inayolingana na tiketi, orodha ya simu za WhatsApp, bima yenye jina la mwenzako. Kwa wenzi wanaoishi mbalimbali, mihuri ile ndiyo inayoonyesha kwamba mnatembeleana kweli.

Barua ya mwisho ikifika

Kabla ya uamuzi utadaiwa ada ya haki ya ukaazi wa kudumu, kama hukuilipa mwanzoni. Tangu 30 Aprili 2024 ilikuwa dola 575 za Kanada, na ada hizi hurekebishwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo soma kiasi kwenye tovuti ya serikali siku ya kulipa. Usipopata ukaazi, ada hii hurudishwa.

Baada ya hapo njia zinagawanyika kulingana na mahali ulipo.

*Ukiwa nje ya Kanada*, utaombwa upeleke pasipoti kwenye kituo cha maombi ya viza, kama vile vilivyoko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Kuanzia siku hiyo huna pasipoti mpaka irudi, na hakuna anayeweza kukuahidi tarehe. Kama unafanya kazi Oman na umekuja Mombasa likizo ya wiki mbili, fikiria vizuri utaikabidhi wapi. Itarudi ikiwa na viza ya ukaazi pamoja na Uthibitisho wa Ukaazi wa Kudumu, karatasi ambayo kila mtu huiita COPR. Isome herufi kwa herufi: jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi, hali ya ndoa. Majina yetu matatu huvurugwa kirahisi, la babu likawekwa mahali pa jina la kwanza. Ukiona kosa, andika kwa ofisi ya viza kabla ya kusafiri. Kisha angalia tarehe ya mwisho ya COPR. Haiongezwi. Ikipita hujaingia, unaweza kulazimika kuanza ombi upya.

*Ukiwa ndani ya Kanada*, utapata barua pepe ya kukualika kwenye tovuti maalumu ya kukamilisha ukaazi. Hakikisha anwani ya mtumaji inaishia na cic.gc.ca, maana matapeli wanazijua barua hizi vizuri. Utathibitisha kwamba uko Kanada, utaandika anwani ya nyumbani na kupakia picha yako. Picha ya kadi si ya pasipoti ya Kenya wala ya viza ya Marekani. Ya karatasi ni milimita 50 kwa 70. Mwambie mpiga picha kwamba ni ya kadi ya ukaazi wa kudumu, atajua. Baada ya hapo utasubiri COPR ya kielektroniki.

Hapa naomba nieleweke. Usithibitishe kwamba uko Kanada ukiwa umekaa Dar es Salaam, na usimpe mwenzako nywila akuthibitishie. Hilo ni tamko la uongo kwa serikali, na siku ya kuingia na kutoka kwako inaonekana kwenye rekodi za mpakani. Ukipata mwaliko ukiwa nje, jibu kwamba uko nje na uulize utaratibu. Vilevile, ukishathibitisha, usitoke nchini mpaka COPR itoke. Na kama uko kundi la familia na barua ya kuitiwa pasipoti imekukuta unamtembelea mwenzako Edmonton, wajulishe kwa fomu ya mtandaoni kwamba uko Kanada kihalali na ungependa kukamilishia hapohapo.

Siku ya kuingia

Unapokata tiketi, epuka kupitia Marekani kama huna viza yao, kwani hata abiria wa kupita tu anaihitaji. Njia ya Addis Ababa hadi Toronto kwa Ethiopian Airlines inakwepa tatizo hilo. Utakamilisha ukaazi kwenye kiwanja cha kwanza cha Kanada utakachotua, si mwisho wa safari. Anayekwenda Calgary kupitia Toronto atafanyiwa kila kitu Toronto, kwa hiyo aache saa 4 kati ya ndege na ndege.

Kwenye mkoba wa mkononi weka pasipoti, COPR, cheti cha ndoa, anwani kamili ya Kanada pamoja na msimbo wa posta, na orodha mbili za mali. Usiviweke kwenye begi la kupakia. Afisa atakuuliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, kama umewahi kufukuzwa nchi yoyote, kama bado mko kwenye ndoa, na kama una mtoto ambaye hakutajwa. Jibu ukweli, kwa ufupi. Kisha utasaini. Kabla kalamu haijagusa karatasi, soma tena jina na tarehe ya kuzaliwa. Afisa akikosea, mwambie palepale kwa adabu, maana kurekebisha baadaye huchukua miezi.

Zile orodha mbili za mali ni za forodha: moja ya ulivyobeba, nyingine ya vitakavyofuata baadaye. Mhamiaji anaruhusiwa kuingiza vitu vyake vya nyumbani bila ushuru ikiwa alivimiliki na kuvitumia kabla ya kuhamia. Kitu kitakachofuata lakini hakikuorodheshwa siku ya kwanza kinaweza kutozwa. Bibi harusi wa Pwani azingatie hapa: dhahabu yote, bangili kwa bangili, ipigwe picha nyumbani, iandikwe uzito na thamani, na ikiwezekana sonara aandike barua ya makadirio. Hata seti iliyobaki Lamu kwa mama iingie kwenye orodha ya pili, na mwakani utaileta bila mabishano. Fedha zinazofikia dola 10,000 za Kanada ziripotiwe. Hazikatwi kodi, lakini ukizificha zinaweza kukamatwa.

Usiondoke kabla ya kadi

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote kwa msafiri ni huu: panga ubaki Kanada mpaka kadi ya ukaazi iwe mkononi mwako.

Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ilikuwa ya kuingilia mara moja. Hata kama tarehe yake haijapita, kazi yake imekwisha. Viza ya zamani ya matembezi nayo haikufai tena, kwa sababu wewe si mgeni. COPR inathibitisha kwamba u mkazi, lakini si hati ya kusafiria, na shirika la ndege litakuzuia Nairobi au Entebbe. Kadi hutumwa kwenye anwani ya Kanada tu. Usipotoa anwani ndani ya siku 180 tangu uwe mkazi, utalazimika kuiomba na kuilipia.

Wapo wasio na hiari: kazi haijakabidhiwa, mtoto anamaliza mtihani wa KCSE, msiba umetokea. Basi toka ukijua kwamba utarudi kwa hati maalumu ya kusafiria ya mkazi wa kudumu, ambayo huombwa ukiwa nje kwa dola 50 na kwa kawaida ni ya safari moja. Nenda na nakala ya COPR, uthibitisho wa siku ulizokaa Kanada na picha zinazotakiwa, na uombe mapema kuliko tarehe ya tiketi. Mwenzako aliyebaki akipokea kadi, ndugu anayesafiri anaweza kukubebea mkononi. Mimi nisingeitia kwenye posta.

Ukiwa bado Kanada, omba namba ya bima ya jamii ya kufanyia kazi katika ofisi ya Service Canada, na uandikishe bima ya afya ya mkoa. British Columbia ina muda wa kusubiri kabla bima haijaanza, Ontario hauna. Lakini Ontario inataka uwepo mkoani siku 153 katika miezi 12 yoyote, jambo ambalo msafiri wa mara kwa mara hulikumbuka akiwa tayari yuko hospitali.

Hesabu ya siku

Ili kudumisha ukaazi unatakiwa kuwa na siku 730 katika kila miaka 5. Si lazima zifuatane, na siku uliyokuwepo Kanada hata kwa saa chache huhesabiwa nzima. Ukiwa nje umefuatana na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, siku hizo nazo zinaingia kwenye hesabu. Akiwa ni mkazi wa kudumu kama wewe, huingia tu ikiwa ametumwa nje kikazi, kwa ajira ya muda kamili, na kampuni ya Kanada au serikali yake. Weka ushahidi kwamba mliishi pamoja: mkataba wa nyumba Mikocheni wenye majina yote mawili, bili za umeme, mihuri.

Uraia una hesabu tofauti na ni mkali zaidi: siku 1,095 ndani ya Kanada katika miaka 5, na za kufuatana na mwenzi nje kwa kawaida hazihesabiki. Siku ulizokaa Kanada kihalali kabla ya ukaazi huhesabiwa nusu, mpaka kufikia siku 365. Mtanzania afikirie pia kwamba ukaazi haumwondolei pasipoti yake, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya ameruhusiwa tangu Katiba ya 2010.

Andika kila safari siku unayosafiri: tarehe ya kutoka, ya kurudi, nchi na sababu, pamoja na picha ya mhuri. Viwanja vingi siku hizi havigongi mhuri, kwa hiyo tunza pasi za kupandia ndege. Utakapoomba kadi mpya baada ya miaka 5, fomu itakuuliza safari zote, na afisa atalinganisha majibu yako na rekodi za mpakani.